Ile ngonjera yetu ya Mlibya

Shoga yangu,

Habari za Muscat? Joto limepungua au bado maji ya bomba yanatoka ya moto bila hita? Huku Bukoba mvua zishaanza, asubuhi ukifungua dirisha huoni hata ziwa, ukungu mtupu, nakuandikia nimejifunga shuka kama mgonjwa. Nilitaka nikutumie voisi lakini nikaona hii habari itakuwa ndefu sana na mi nikianza kuongea nalia, bora niandike tu.

Unaikumbuka ile ngonjera tuliyofanya darasa la sita, Siku ya Mashujaa? Mi nilikuwa baba mkubwa wangu nimeshika bunduki ya mti wa mhogo, na we ulikuwa Mlibya, umevaa kanzu ya baba yako inaburuta chini na khanga ya mama yako umejipiga kilemba, unaingia unatingisha kichwa "Mimi Mlibya nimekuja na mizinga, leo mtaniona!" shule nzima inacheka mpaka mwalimu wa zamu anajifuta machozi. Afu mi nakupiga, unaanguka, nasema shairi langu, na mi naanguka nakufa. Babu alikuwepo siku ile, kakaa benchi la wazazi na fimbo yake, na tulivyomaliza alisimama peke yake akapiga makofi.

Basi shoga, ile ngonjera ilikuwa uongo.

Sio vita, vita ya Kagera ilikuwepo, we na mimi tumelelewa na watu waliokimbia vita ile. Namaanisha baba mkubwa. Ngoja nianze mwanzo maana nitakuchanganya.

Julai shangazi alikuwa anaangalia TV, tarehe 25, si unajua wanavofanyaga, Rais anaweka mkuki na ngao pale mnarani, Mkuu wa Majeshi sime, mabalozi wanaweka shada la maua, meya upinde na mshale, mwisho wazee wanaweka shoka. Kila mwaka anaangalia kimya kimya. Mwaka huu lile shoka lilivyowekwa tu akasema, wala hakunigeukia, "Nipelekeni kwa kaka yangu." Nikadhani anaongelea kaburi la marehemu baba, nikamwambia shangazi si tulikuwa pale juzi tumepalilia. Akasema "Sio huyo. Mkubwa."

Yaani huyu mama miaka yote hakuwahi kutaka kwenda Kaboya, kule Muleba kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ambako kaka yake kalazwa! Mwaka 2013 sherehe ya kitaifa ililetwa hukuhuku kwetu, Kikwete mwenyewe alikuja pale Kaboya, watu wa ukoo walikodi haisi, yeye akasema ana ndizi za kumenya. Ndizi gani zinamenywa siku nzima? Tulidhani ni uchungu tu, ukiguswa kidonda si unajificha, hatukumuuliza.

Na mi pia sikuwahi kufika, nikiri. Muleba nimeenda mara ngapi, harusi, misiba, mnada, lakini Kaboya sijakanyaga, na mtoto wangu ndo kabisa, anajua vita ya Kagera kama anavyojua Majimaji, kitu cha mtihani. Kwa hiyo Jumamosi tukaondoka watatu, mi, shangazi na huyu wangu wa darasa la sita, shangazi kavaa busuti na kiatu cha kanisani, mfukoni kafunga kitambaa kidogo hataki kusema ndani kuna nini.

Njiani nikaanza kumsomesha mtoto. Si unanijua. Nikamwambia mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amini wa Uganda waliingia huku kwetu wakachukua nchi yote mpaka mto Kagera, wakaswaga ng'ombe, wakabeba mabati, wakaua watu, na tarehe 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka. Siku moja kabla Mwalimu alishasema yale maneno yake ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mtoto akasema "hayo tumeyakariri." Sawa baba. Nikamwambia jeshi lilikuwa halitoshi ndo wakachukua mgambo, polisi, magereza, JKT, na baba mkubwa wetu alikuwa mgambo wa kijijini, miaka ishirini na mbili, anajua kulima migomba na kupiga mpira, basi. Afu nikafika Lukaya, kule Uganda, pale napopapenda. Machi 1979, Gaddafi kaleta Walibya kumsaidia Amini, Brigedi ya 201 ambayo wengi wake ni mgambo wamejipanga kwenye ile barabara ya kinamasi ya kuelekea Kampala, usiku wakarushiwa marokoti ya Walibya wengi wakatawanyika, kulivyokucha Brigedi ya 208 ikatokea ubavuni, Walibya wakabanwa katikati. Na katikati ya yote hayo yuko baba mkubwa, hakukimbia, kalala tumboni kwenye matope anafyatua mpaka risasi zikaisha. Nimeisimulia hiyo maisha yangu yote. Babu ndo alinipa, kila jioni, lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ikiingia kidogo, na sauti ya roketi alikuwa anaitoa kwa mdomo.

Shangazi alikuwa kiti cha mbele anaangalia nje tu.

Sasa Kaboya. Nikuambie nini. Pametulia mno. Ni eneo la jeshi kwa hiyo unajieleza kwanza, kijana aliyetupokea alikuwa mstaarabu sana, alivyosikia mama kaja kwa kaka yake alimwamkia shikamoo mara mbili, naapa, mara ya pili kama vile ya kwanza haikutosha. Afu ndo unayaona makaburi. Unajua makaburi yetu huku yalivyo, moja lina tailizi, moja msalaba wa mbao umeinama, moja limemezwa na migomba, unajua kabisa nani alikuwa na hela na nani alikuwa hana. Pale hakuna hiyo. Mistari, shoga, mistari, mengi, yote sawa, kama wamepiga kwata na wakaambiwa lala. Nilianza kusoma majina na nikaona sio Wahaya tu, mbele kidogo jina la Kisukuma, linalofuata Kimakonde, Kichaga, Kikurya, Khamisi, Yohana, watoto wa watu waliotolewa mwisho wa nchi hawajawahi kuiona hata senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wakaja kufa kwa ajili ya migomba yetu. Ndo nikajiskia aibu kwamba miaka yote Kaboya mi nilikuwa naiona ni ya ukoo wetu.

Mtoto ndo alimpata. "Mama, jina la babu hili hapa!" Alikuwa anakimbia mstari kwa mstari, nikamkemea asikimbie makaburini.

Shangazi akapiga magoti. Na lile busuti lote. Hakulia. Akafungua kile kitambaa, ndani kahawa, zile za kutafuna, kama kumi hivi, akaziweka juu ya kaburi moja moja kama anahesabu, moja akaweka mdomoni kwake. Kama anavyomkaribisha mgeni nyumbani, ndo hivohivo. Mtoto kasimama pembeni anaangalia, na we unawajua watoto, akauliza kwa adabu zake zote, "Bibi, huyu ndo aliyepigana na Walibya?"

Shangazi akatafuna kwanza ile kahawa. Akasema, "Huyu hakumuona Mlibya hata mmoja."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikasema shangazi, Lukaya. Akasema Lukaya ilikuwa Machi, kaka yangu alikufa kabla ya Krismasi, mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, nakumbuka kwa sababu alikuwa ameniahidi gauni la sikukuu. Walipakiwa kwenye lori kupelekwa upande wa Kyaka, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, barabara tope, lori likateleza kwenye kona likapinduka. Basi. Bunduki alikuwa nayo ila hajawahi kuifyatua kwa adui. Aliyeleta habari ni mzee mmoja wa baiskeli, na mama yao alikuwa anachambua maharage, yale maharage yalibaki pale kwenye ungo siku tatu hakuna aliyeyagusa.

Nikamuuliza sasa Lukaya ilitoka wapi. Akasema "Ilitoka kwa baba yangu." Walivyorudi wenzake 1979, baada ya Kampala kuanguka Aprili, kila nyumba ina stori, huyu kaingia Masaka, yule kaiona Kampala, vijana wanabebwa juujuu, babu anakaa kilabuni anaulizwa na wako je mzee, wako alifia wapi? Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akasema Lukaya, jina alilolisikia kwa mmoja aliyerudi, na yale mengine ya kulala tumboni na risasi kuisha aliyatoa kwa huyohuyo. Bibi alijua. Marehemu baba alijua. Wote walikubaliana bila kukubaliana, na shangazi akiwa mtoto wa mwisho alipewa onyo moja tu, asimwaibishe kaka yake. Ndo maana hakutaka kuja 2013. Aliogopa atakuja mtu na maiki amuulize kaka yako alikufaje, na yeye kudanganya juu ya kaburi hawezi, na kusema kweli mbele ya watu hawezi.

Nikakaa chini kwenye nyasi na jinzi yangu nyeupe, sikujali.

Unajua nini kilinijia? Ile siku ya ngonjera, babu kasimama anapiga makofi peke yake. Mi nilidhani ni fahari. Sasa najiuliza yule mzee alikuwa anaona nini pale, mjukuu wake anamuua mwanae vizuri kuliko alivyokufa. Na mi ndo niliiongezea chumvi, lile shairi la mwisho nililitunga mimi!

Yule kijana wa jeshi alikuwa kasimama mbali kidogo ila naona alisikia, maana alikuja taratibu akamwambia shangazi, mama, hapa wapo wa risasi, wapo wa magari, wapo wa malaria, sisi tukipiga saluti tunawapigia wote. Akasema tu hivyo akarudi nyuma. Shangazi akamwitikia kwa heshima ya Kihaya, "waitu", akabaki anapapasa lile kaburi kwa kiganja kama anafuta vumbi, na vumbi lenyewe hakuna. Afu akamgeukia mtoto akaanza kumsimulia, sio vita, anamsimulia jinsi huyo kaka alivyokuwa anajibanza ukutani kuvizia senene na karabai, alivyokuwa mlinda mlango hodari ila mwoga wa nyoka, alivyomfundisha kuogelea ziwani kwa kumtupa tu. Nusu saa nzima. Mi hayo yote sikuwahi kuyasikia hata moja, sababu Lukaya ilikuwa imejaa mdomoni kwa watu wote.

Jumapili yake akataka Kyaka. Nikamwambia shangazi mafuta bei yake unaijua? Tukaenda. Daraja tukalivuka, magofu ya lile kanisa lililobomolewa na vita tukayaona, mtoto akapiga picha mia, ila shangazi alichotaka ni ile kona. Na barabara ni lami siku hizi. Akasema simama, hapa. Tukashuka. Akaangalia. Akasema hapana, ni pale mbele penye mteremko. Tukaenda pale mbele. Akazunguka, akauliza mwenye genge la nyanya kama zamani kulikuwa na mvule mkubwa hapa, yule binti hata vita haijui. Tulisimama sehemu nne. Mwishoni akapanda gari akasema twendeni nyumbani nina njaa.

Amini mwenyewe alifia kitandani Jeddah, 2003, nilimtajia tukiwa tunarudi. Shangazi akasema "Mh," akafunga mkanda.

Sasa mtoto ana insha ya shule, shujaa wa familia yangu, na jana kaniuliza mama niandike ipi. Nikamwambia muulize bibi. Bibi kamwambia aandike ya senene na karabai, na lori aliweke, na tope aliweke. Nimeisoma, ina makosa ya herufi kila mstari, sijasahihisha.

Haya shoga, simu inaisha chaji na umeme wenyewe unakatika katika. Desemba uje, senene zitakuwepo, nitakukaangia mwenyewe sio zile unazotumiwa kwenye kopo zimeshachacha. Shangazi anakusalimia sana, kila siku ananiuliza yule Mlibya wenu anarudi lini, anasema safari hii tukienda Kaboya na wewe uje, ila kanzu ya baba yako uiache huko.

Mimi wako