Barua ya wazi kwa Mukubwa wa mazingira hapa Lubumbashi: batuachie dembo

Mukubwa, jambo sana. Nakuandikia mbele ya batu bote juu hii mambo ya dembo, ile mabonde ya majani na potopoto yenye inashika maji ya mvua, ni ya batu bote.

Miye niko mu biashara, na unajua bidhaa mingi ya kwetu inapitia Zambia mpaka ku bandari ya Beira. Mwaka 2019, mu kiangazi, nilienda kule nyuma ya kimbunga Idai, ile ilipiga Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 mwezi wa tatu na ikauwa batu zaidi ya 600 mu Msumbiji. Mu njia ya kurudi shofere akasema tupitie Gorongosa, parki yao kubwa, nikakubali ili nipumzike tu.

Mule katikati kuko ziwa, Urema, na pembeni yake ni dembo tupu, majani na potopoto mpaka macho inachoka. Kila mwaka mvua ikikuja ziwa linapanuka, hakuna mutu amejenga pale, na wakati wa Idai maji ya mito njo ilikimbilia humo, ikatandaa, ikatoka pole pole. Muongozaji akatuonyesha muti moja, alama ya potopoto inapita kichwa yangu, majani makavu imenasa mu matawi, na chini yake kuro (ile nyama ya pembe ndefu) zinakula majani mapya bila wasiwasi. Nyama zilipanda pa juu, maji ikashuka, zikarudia.

Siye hatuna kimbunga, bahari iko mbali. Lakini hapa Lubumbashi, pembeni ya mto Naviundu, mvua ya saa moja tu na maji iko mu salon, batoto juu ya meza! Dembo inauzishwa lopango (kiwanja) kwa lopango, lori zinamwaga udongo usiku, mwaka ukipita kuko nyumba na baba mwenye nyumba analalamika maji. Nani alitia saini, leo siulizi. Ajabu ni kwamba Bonde la Lufira liko ku liste ya Ramsar, ile ya dunia ya kulinda maeneo ya maji na dembo, tangu 2017, kumbe mbali na mji tunalinda, mu mji tunajaza.

Mbele ya mvua kuanza, tunaomba utume batu wapime dembo zenye zimebakia, basimike mipaka, na radio itangaze haziuzishwi. Na bale bamekwisha kujenga, musibabomolee bila kubaonyesha pa kwenda, bengi balinunua na makaratasi mu mukono. Ukitaka kuona mwenyewe nitakutembeza, ila uvae mabuti.