Mtandao ukikata, mgonjwa asubiri?

Ndugu Mhariri,

Ikitajwa afya ya kidijitali, watu humfikiria daktari mwenye kishikwambi. Mimi humkumbuka dereva wa kijijini aliyefika saa nane usiku, gari lake lina taa moja, kumchukua shemeji yangu aliyekuwa na uchungu huku damu ikimtoka. Tulikuwa tumepiga 115, namba ya bure ya M-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Aliyepokea aliuliza maswali machache, mfumo ukatafuta gari la karibu. Dereva hakutudai hata senti. Hulipwa kwa simu akishamfikisha mama kituoni.

Mpango huo, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hauhitaji simu janja. Kitochi kinatosha, na hapo ndipo naona akili yake.

Lakini mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu, ana homa kali, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. "Mtandao umekata, subirini." Tulikaa kwenye benchi saa tatu nzima. Daftari na kalamu vilikuwa pale pale mezani (nesi alikuwa akivitumia kuandika hesabu za kikoba). Dawa tuliiona kabatini, ila haikuweza kutoka bila kuingizwa kwenye kompyuta.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila kituo kiwe na fomu za karatasi za dharura. Mgonjwa ahudumiwe kwanza, taarifa zake ziingizwe mtandao ukirudi, hata kama ni kesho yake.

Msomaji wenu,
Kahama, Shinyanga