Watoto wetu wazione sanamu za Nairobi

Mhariri,

Jumapili nilitembea na wanangu katika bustani ya Central Park. Walisimama kitambo mbele ya mnara wa Nyayo, kumbukumbu ya miaka 10 ya utawala wa Rais Moi, mwaka 1988: mkono ulioshika rungu unachomoza kileleni mwa Mlima Kenya. Kitinda mimba akauliza, "Baba, huo ni mkono wa nani?" Tukakaa nyasini, nikamsimulia.

Shule huwapeleka watoto kuona wanyama, na ni vizuri. Walimu, tafadhali waleteni hapa pia, kisha muwafikishe Mtaa wa Kimathi, si mbali kwa miguu, waione sanamu ya shaba ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa mwaka 2007, bunduki mkononi. Wanangu hawakutaka kuondoka pale.

Mzazi,
Nairobi