Mpagazi naye alikuwa na hema lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu likizo ya mwezi wa sita.

Mimi ni fundi wa matanga, mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Nilianza kushika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea matanga, mwaka 1971, nikiwa na miaka 16, nimekaa mchangani ubavuni mwa baba yangu na tanga limetufunika magoti. Siku hizi majahazi yamepungua, na mengi yaliyobaki yanakwenda kwa mashine, kwa hiyo riziki yangu inatoka zaidi kwenye maturubai ya malori na vivuli vya mahoteli ya ufukweni. Ila nguo nzito naijua, na kushona kwa mkono sijasahau.

Mwezi huo wa sita kikundi kimoja kilileta hapa vijana 60 wa sekondari waigize msafara wa zamani wa kwenda bara. Walale usiku mmoja ufukweni, alfajiri wajitwike mizigo, watembee hadi Mto Ruvu, ambao wazee wetu waliuita Kingani, kisha wapige kambi tena. Nililipenda wazo hilo tangu siku niliyolisikia, na mjukuu wangu alikuwamo. Jioni nikaenda kutazama.

Nilikuta hema moja kubwa la turubai jeupe, limesimikwa vizuri, ndani yake kitanda cha kukunja, meza na taa ya chemni. Hilo ni la bwana mkubwa. Pembeni, vijana wote waliobaki wamevishwa minyororo ya plastiki shingoni na kukalishwa chini. Hao ndio wapagazi. Giza lilipoingia wakavuliwa minyororo, wakaenda kulala kwenye mahema ya nailoni ya buluu na ya rangi ya chungwa, yenye zipu, yaliyofichwa nyuma ya minazi yasitokee kwenye picha. Mwalimu aliyesimamia ni kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo na kiti. Nikamuuliza, mwanangu, mbona wapagazi hawana hema? Akanijibu, "Mzee wangu, wale hawakuwa na hema. Walilala chini kama mifugo."

Sikutaka kubishana naye mbele ya watoto. Nabishana naye hapa, kwa heshima.

Minyororo ilipita Bagamoyo, na hakuna mtu wa hapa atakayelikana hilo. Watoto waambiwe, tena waambiwe wazi. Lakini mtumwa aliyefungwa na mpagazi aliyeajiriwa ni watu wawili. Wengi waliobeba mizigo katika ile njia ya kati, ya kutoka hapa hadi Tabora na Ujiji, kilomita 1,200 hivi, walikuwa watu huru: Wanyamwezi, Wasukuma, watu wa pwani. Walipatana ujira, wakabeba ratili 60, wengine 70, wakadai posho ikichelewa, na tajiri akiwapunja waliweza kuuacha mzigo wake njiani wakaenda zao. Walimfuata kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara, si mjeledi. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado hajakomaa kiume. Ukimvisha mtu huyo mnyororo umemwondolea kazi yake, na ukimlaza mchangani umemwondolea akili yake, maana hakuna mtu mwenye akili anayetembea miezi mitatu bila kujua usiku atajisitiri wapi.

Na walijua. Katika misafara ya mwanzo walikata matawi na majani, wakajenga vibanda na kuzungusha boma la miiba. Ndiyo kambi hasa. Baadaye, nguo ilipokuwa nyingi, vikaja vihema vidogo vya merikani, ile nguo ya pamba. Picha za misafara ya mwanzo wa karne ya 20 zinavionyesha, safu kwa safu, vyeupe, vimeinama kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikwenda Tabora na msafara mara mbili kabla reli haijafika kule mwaka 1912. Alifariki nikiwa na miaka 13, kwa hiyo maneno yake niliyasikia kwa masikio yangu. Alikuwa akisema hema la mpagazi ni doti nne na watu wanne, kila mtu doti yake. Doti ni mikono minane, kama mita 3.6. Kila mmoja alitoa doti moja katika nguo alizopewa, wakaziunganisha kwa mishono mirefu ya mkono, na wakifika mwisho wa safari wanafumua. Kila mtu anachukua doti yake, anaifua, anaivaa au anaiuza. Kwa hiyo hawakukata nguo hovyo. Nilipokuwa mtoto niliiona hiyo kama hadithi ya babu. Mwaka huu nimeishona, na hesabu imekubali.

Kuna ushahidi mwingine ambao sisi wa Bagamoyo tunao nyumbani. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakauweka ndani ya gome la mti, kisha wakalifunika gome hilo kwa nguo ya tanga na kulishona. Wakaubeba mpaka hapa, wakafika Februari 1874. Watalii wanaonyeshwa mahali mwili ulipolazwa, katika misheni, na wanaelezwa habari za uaminifu na za umbali. Mimi kama fundi naiona ile nguo ya tanga. Walikuwa nayo mizigoni, na walijua kuishona ikawa fumba lililohimili miezi ya njiani. Watu wa namna hiyo wanashindwaje kushona hema?

Basi baada ya kambi ile nilimwomba binti yangu aniachie mjukuu wangu kwa siku zilizobaki za likizo, tukashona moja. Naeleza tulivyofanya ili yeyote anayetaka afuate.

Nguo ni merikani, ile pamba isiyotiwa rangi wala weupe, ambayo bado inauzwa madukani. Jina lake linatokana na Marekani kwenyewe: meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiishusha Unguja, na mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Wamarekani ulitiwa saini mwaka 1833. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, nguo za Bombay na za Uingereza zikachukua nafasi. Kwa hiyo kambi ya mwaka 1871, anayoipenda kila mwigizaji kwa sababu ya Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekwenda bara kumtafuta Livingstone, ingeweza kuwa na nguo mchanganyiko. Jina merikani lilibaki.

Kwanza iloweke nguo usiku kucha katika maji ya kawaida na uianike kivulini kabla mkasi haujaigusa. Pamba mpya inaruka. Doti yetu ya mikono minane ilipungua karibu sentimita 18. Ungeishona kabla ya kuiloweka, mvua ya kwanza ingeivuta mishono yote.

Doti tatu zinalazwa sambamba, ubavu kwa ubavu, na kuunganishwa. Hilo ndilo paa na kuta, kwa sababu hema hili halina ukuta wa peke yake. Nguo inapanda kutoka ardhini upande mmoja, inavuka juu ya mwamba, yaani mti unaolala juu, inashuka upande wa pili. Mshono ni wa kukunja mara mbili, ncha za nguo zikifichwa ndani, na unapitishwa uzi mara mbili, kila ukingo mara moja. Uzi upake nta ya nyuki. Mjukuu wangu aliuvuta uzi mkavu kwa haraka, ukakatika mara tatu ndani ya mkono mmoja wa mshono. Nikampa donge la nta, nikamwambia aupitishe uzi humo polepole mpaka asikie unang'ang'ania vidole. Baada ya hapo haukukatika tena. Mishono yake ya mwanzo imekwenda kama njia ya kaa, na sikumfumulia. Ipo mpaka leo upande wa kushoto.

Doti ya nne inagawanywa shuka mbili. Moja inafungwa nyuma, moja mbele. Hazifiki juu; zinaacha pembetatu wazi chini ya mwamba, na kwa muda nilidhani babu alikosea. Tulipolala humo wanne usiku wa kwanza nikaelewa. Joto la watu wanne linatokea pale, na bila pale msingelala.

Hema lililokamilika lina kimo cha mita moja na nusu kasoro kidogo, upana wa chini mita moja na robo tatu, na urefu wa mita mbili na nusu. Nililipima kwenye mizani ya dukani: kilo mbili na robo. Mtu anayebeba ratili 60, yaani kilo 27, anaweza kuongeza robo ya uzito wa hema, kwani wanne wanagawana.

Miti ndiyo iliyonisumbua. Unahitaji miwili yenye panda ya kusimama na mmoja wa kulala juu, yaani mwamba, wenye unene wa kifundo cha mkono. Mazoea ya pwani ni mkoko, na nilikuwa na pau mbili mbichi zilizobaki kwenye ukarabati wa nyumba. Mikoko haikatwi bila kibali, na sisemi mtu akaikate. Nilitumia zile kwa sababu zilikuwepo, nikajuta. Gome la mkoko likilowa linatoa maji mekundu. Asubuhi tulikuta mstari mwekundu kama chai ya rangi umepita katikati ya paa lote, na hautoki kwa sabuni yoyote. Nikaenda kununua mirunda ya mkaratusi, ile ya mafundi ujenzi. Nayo ibanduliwe magome na kulazwa kivulini, imeinuliwa juu ya matofali, wiki tatu. Ukiitumia mibichi inapinda kwa uzito wa nguo iliyolowa, na mwamba ukipinda maji yanatuama.

Kamba. Hapa nilikosea jambo ambalo mtu wa kambi za kihistoria hatakiwi kulikosea. Nilitumia mkonge kwa sababu ninao. Mvua kubwa ya vuli ilitukuta usiku mwezi wa kumi na moja, hema likiwa limesimama uani. Mkonge ukilowa unajikaza. Hatukuamka kulegeza, na kufikia saa tisa usiku kamba za upande wa kusi zilikuwa zimeng'oa mambo zote, yaani vigingi vya kufungia hema, kutoka mchangani na kuchana pindo shibiri nzima. Asubuhi, nikiwa nashona kiraka, ndipo nilipokumbuka: mkonge uliletwa nchini mwaka 1893. Babu alikuwa mtoto. Misafara ya kabla ya hapo ilifunga mizigo yake kwa kamba nyingine kabisa, na kwa mtu wa pwani kamba ni ya makumbi ya nazi. Nikaenda kwa mama mmoja anayesokota makumbi, nikanunua pima kumi. Kamba ya makumbi inanyumbuka. Upepo ukivuta inatoa, ukiachia inarudi. Mvua mbili zimepita juu yake na hakuna mambo iliyong'oka. Mambo zenyewe ziwe ndefu, urefu wa dhiraa, kwa sababu mchanga wetu haushiki kijiti kifupi.

Kuhusu kuvuja: merikani peke yake inatoa ukungu ndani mvua ikiwa kubwa, halafu nyuzi zinavimba na kuziba. Usiiguse kwa ndani wakati huo. Pale kidole kilipogusa ndipo tone litakapoanzia. Ukitaka zaidi, chovya nguo katika maji ya sabuni ya kipande, ikamue, kisha ichovye katika maji yaliyoyeyushwa shabu. Nimeifanyia shuka ya mbele hivyo, na maji yanateleza.

Sasa nimesikia kambi itarudiwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Ombi langu kwa waandaaji ni moja. Wawape wapagazi mahema yao. Vijana 60, wanne wanne, ni mahema 15. Ni doti 60, yaani majora manane ya yadi 30, kila kijana doti moja kama babu alivyosema. Wazishone wenyewe. Kijana aliyeshona doti yake na kulala chini yake atajua mpagazi alikuwa nani bila kuhutubiwa. Na kama wanataka kuonyesha utumwa, wauonyeshe peke yake, kwa uzito wake, na watu wazima wakiwa pembeni kuwaeleza. Isiwe vazi la kila mtu mweusi aliyewahi kubeba mzigo.

Sitafuti zabuni. Kazi ya kufundisha nitaifanya bure, na mzee mwenzangu mmoja wa Kaole amekubali kuja na shazia zake. Hema letu limesimama uani, na mstari wake mwekundu na kiraka chake. Yule mwalimu namkaribisha aje alione, aje hata na vijana wawili, tutakunywa chai. Ila majora yaletwe yakiwa yameshalowekwa na kukauka, kwa sababu uani kwangu kamba za kuanikia hazitoshi doti 60, na vuli bado haijaisha.

Fundi Matanga
Dunda, Bagamoyo