Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wetu: lile sanduku la koridoni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa chali, simu nimeishika juu ya uso, kwa hiyo niwie radhi maneno yakipinda.

Jana asubuhi madaktari walipopita waliniambia mfupa wangu umeunga. Mama akapiga kigelegele mpaka nesi akamnyamazisha. Kisha daktari akashusha sauti, akasema umeunga vibaya. Vipande viwili vya paja vimepandana, mguu umepungua sentimita tatu, na ili unyooke itabidi uvunjwe upya. Mara ya kwanza nilivunjwa na lori la mchanga lililohama njia likanikuta na pikipiki yangu. Safari hii nitavunjwa na Serikali, tena karatasi ya ridhaa nisaini mwenyewe.

Labda umenisahau. Ni yule wa kitanda namba 14, mwenye ndoo. Siku ya pili ya kulazwa nilichomwa ganzi, nikatobolewa mfupa chini ya goti kwa keekee, kikapitishwa chuma, ikafungwa kamba, na mwisho wa kamba ikaning'inizwa ndoo ndogo ya rangi iliyojazwa kokoto, kama kilo saba. Ndoo inavuta mguu ili vipande visipandane. Wazee wetu walisema subira yavuta heri. Yangu imevuta mguu wiki tisa, na hata huo mguu haikuuvuta sawasawa.

Wiki ya pili ulikuja wodini na wapiga picha. Ulisimama miguuni pangu, ukaigusa ile kamba, ndoo ikayumba. Niliuma meno kwa heshima. Ukaniuliza, "Unaendeleaje, kijana?" Nikajibu vizuri, maana ndivyo mtu hujibu. Ndipo ukaigeukia kamera ukasema mashine ya si-amu, ile eksirei ya chumba cha upasuaji, imeshafika, na ndani ya wiki mbili hakuna mtu atakayening'inizwa ndoo katika hospitali hii.

Ni kweli imefika, hukusema uongo. Iko koridoni, ndani ya sanduku lake, nailoni haijachanwa. Ndugu wa wagonjwa wanaweka juu yake hotipoti za uji. Mama anasema ni pazuri, pana kivuli.

Kwa nini haifunguliwi? Hapa wodini kila mtu ana jibu lake. Mmoja anasema fundi wa kuifunga anatoka Dar es Salaam na hajalipwa posho. Mwingine anasema umeme wa chumba cha upasuaji hauiwezi. Mtumishi mmoja alininong'oneza kwamba zinasubiriwa aproni za madini ya risasi za kuwakinga madaktari na mionzi. Mimi nahisi inasubiri mtu wa kukata utepe. Nikikosea nisahihishe, lakini nisahihishe kwa kuifungua.

Maana usidhani nimelala bure. Mtu aliyelala wiki tisa husoma. Si-amu humwonyesha daktari mfupa kwenye kioo wakati anaendelea kupasua, ili chuma cha ndani ya paja kipite palipo sawa. Akishawekewa chuma hicho, mtu huanza kushushwa kitandani baada ya siku chache na magongo yake. Tena nimesoma kwamba liko shirika linaloitwa SIGN, la Richland huko Marekani, lililoanzishwa 1999, linalotengeneza chuma cha namna hiyo kinachoweza kupigwa mfupani hata pasipo si-amu. Kina mkono wa nje unaomwelekeza daktari tundu la skrubu liko wapi. Hospitali za nchi kama zetu hupewa kama msaada. Daktari akituma taarifa na picha za mgonjwa, huletewa kingine badala ya alichotumia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili imevitumia miaka mingi. Kwa hiyo hata hilo sanduku, Mheshimiwa, si kisingizio kizuri sana. Kuna aliyeandika barua ya kuviomba? Nauliza tu, mimi ni bodaboda.

Nilikuwa bodaboda, niseme. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, elfu kumi kila siku, nimebakiza miezi minne iwe yangu. Tajiri alinivumilia wiki mbili akampa mwingine, na simlaumu. Mke wangu amerudi kwao na mtoto. Mama ameacha shamba wakati wa palizi, analala chini ya kitanda changu kwenye khanga. Filamu za eksirei hakuna, kwa hiyo picha za mguu wangu anakwenda kuzipiga kwa simu kwenye kioo cha kompyuta, na mkono wake unatetemeka. Daktari huikuza picha kwa vidole viwili akisema, "Mama, hii imetikisika." Ndivyo tunavyopima mifupa katika mkoa wenye mashine mpya.

Kitanda cha jirani alikuwapo mtoto aliyeanguka kwenye mwembe akavunjika mkono. Ndugu waliposikia habari ya kusubiri wakamtorosha usiku kwa muunga mifupa. Wiki tatu baadaye alirudishwa. Fito alizofungwa huko zilikuwa zimebana mno, damu haikupita, vidole vimekuwa vyeusi. Akakatwa mkono. Watu wa redio wakamsema mganga wa kienyeji wiki nzima. Kwa nini walimtorosha, hakuna aliyeuliza.

Najua utasema hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, si chini yako. Sawa. Lakini siku ya kamera haikuwa chini ya Wizara. Utasema pia Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote 2023. Nafurahi. Nikikatiwa hiyo bima leo, italipia nini hapa? Kokoto?

Sikuombi pikipiki. Sikuombi unitafutie mke. Nilitaka kuomba fidia, nikaona itapita kwenye ofisi nyingi kuliko mguu wangu unavyoweza kutembea. Naomba sanduku lifunguliwe. Fundi akikosa posho, tuambieni, wodi hii tutachanga. Zikikosekana aproni, tajeni bei. Ila lifunguliwe kabla hawajanivunja, ili wakinivunja wanivunje wanaona.

Goti nalo limekaza, halikunji tena. Hilo daktari amesema tutalizungumza baadaye.

Lifunguliwe wiki hii, Mheshimiwa. Hotipoti tutaziondoa wenyewe.

Wako mtiifu,
Mgonjwa wa kitanda namba 14,
Wodi ya mifupa, wanaume