Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzunguko wa Mfereji

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba yetu inavyotaka, isipokuwa kimoja kilichokosa akidi kwa sababu ya mvua. Kwa chama cha watembeaji, hilo linatia aibu kidogo.

Muda wangu nitautumia zaidi kwa mzunguko wa mfereji. Ndio uliovuta watu wengi kuliko matembezi yetu mengine yote, na mimi ndiye niliyeupinga. Muhtasari wa kikao cha kwanza umeandika maneno yangu: njia ile tambarare "haina kazi". Nayafuta.

Wepesi wa njia ile una asili yake. Maji hayapandi kilima. Wachimbaji wa mifereji ya mashua wa karne ya 18, kama James Brindley wa Uingereza, walipenda kuuzungusha mfereji ubavuni mwa kilima kwa kimo kilekile kuliko kukata moja kwa moja, wapate kupunguza malango ya kupandishia na kushushia mashua. Kando ya maji waliacha njia ya farasi, maana farasi ndiye aliyevuta mashua kwa kamba. Mmoja tu aliweza kuvuta tani 30 zikiwa majini, mzigo ambao barabarani asingeusogeza. Basi njia ya mnyama anayevuta kutwa nzima haina sababu ya kuwa na miinuko, ila pale penye lango. Ndiyo maana wenzetu wenye magoti mabovu waliimaliza.

Tena mfereji wa namna hiyo humweka mtu juu kidogo ya bonde, hivyo mlima anauona mzima bila kuupanda. Mfereji wa Monmouthshire and Brecon kule Wales ni mfano mzuri: sehemu inayopitika kwa mashua ina urefu wa kilomita 56 hivi na malango 6 tu, na milima ya Brecon Beacons inaonekana njiani.

Sasa kosa letu, au niseme langu, kwa kuwa niliongoza mimi. Safari ya kwanza tuliuzunguka kinyume: tukaanza na njia ya juu ya msituni, nikifikiri ni vyema kumaliza kilima watu wakiwa na nguvu. Tulipofika mfereji ilikuwa saa sita, mlima uko migongoni mwetu, na kileleni limekaa wingu zito. Watu walitembea wakigeuka nyuma kama walioacha kitu nyumbani. Nilipaswa kujua. Jua likishapasha ubavu wa mlima, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na wingu hujikusanya juu. Upepo nao huamka mchana, na maji yakishachezacheza kivuli cha mlima hakionekani tena ndani yake.

Safari ya pili tulianza saa moja asubuhi upande wa mfereji. Mlima ulikuwa mbele yetu tangu daraja la kwanza hadi la tatu, na mara ya pili ndani ya maji, kichwa chini. Hakuna aliyezungumza kwa muda, jambo ambalo wanaoijua kamati yetu watalistaajabia. Kwenye daraja la tatu tulivuka, tukapanda ule mteremko mfupi, tukarudi kwa njia ya msituni wakati jua limekuwa kali na kivuli cha miti kinahitajika. Kuanzia sasa mzunguko huu utapitwa hivyo.

Kuhusu muda: tulikadiria kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliyeitoa mwaka 1892, yaani saa moja kwa kila maili 3 (kilomita 5 hivi), na saa nyingine kwa kila futi 2,000 (mita 600 hivi) za kupanda. Kwa kilomita zetu 9 na kilima kile kidogo, ilitupa saa mbili na dakika chache. Tulitumia tatu na nusu. Naismith hakuhesabu mdiria anayekaa tawini na watu kumi na wanane wanaomsubiri apige mbizi. Ratiba ijayo itaandika saa nne.

Baadhi yenu mliniambia miguu iliwauma kuliko mlipopanda kilima. Sishangai, kwenye tambarare hatua ni ileile kilomita nzima, misuli haibadilishiwi kazi. Simameni, jinyosheni.

Mambo mawili ya kuzingatia. Chini ya madaraja njia ni nyembamba na jiwe la ukingoni huteleza, kwa hiyo watoto wapite upande wa ukuta, si wa maji. Na waendesha baiskeli wakipiga kengele, tupange mstari mmoja upande mmoja. Safari iliyopita tuligawanyika pande zote mbili, na mmoja wao nusura aoge.

Nafasi ya kiongozi wa nyuma iko wazi. Anayeitaka ajue kwamba kazi yake ni kutembea polepole kuliko wote bila kulalamika, na kufunga kila geti. Majina yapokelewe na katibu kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.