Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayesubiri Uingereza

Marahaba mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Wa mama yako pia nimeusikiliza, nao ni mrefu kuliko wako na una kilio ndani yake. Kwa hiyo hali naijua: klabu ya mpira ya Italia imekuona, imeleta karatasi, inakutaka sasa hivi ukiwa na miaka 16, na wewe umemjibu wakala kwamba afadhali usubiri utimize 18 uende zako Uingereza kama wenzako. Nakuandikia hadharani, jina lako nimelificha, kwa sababu familia za Waswahili huku Ulaya zenye vijana kwenye akademi zimeongezeka, na najua wazazi wengine wanakosa usingizi kwa jambo hili hili.

Nianze kwa kukutetea. Mama yako anasema umeogopa. Mimi sioni hivyo. Wewe umekulia Dublin, na umeichukua namna ya watu wa huko ya kuutazama mpira. Kwa mchezaji wa Ireland, Manchester, Liverpool na Glasgow si ugenini. Njia hiyo ilichongwa kabla hata babu yako hajafika Tanga mjini. Manchester United walikuwa na skauti wao Dublin, Billy Behan, na ndiye aliyewapelekea kijana wa mtaa wa Cabra aitwaye Liam Whelan, yule aliyefia kwenye ajali ya ndege ya timu hiyo kule Munich mwaka 1958 akiwa na miaka 22. Baada yake akaenda Johnny Giles, na wengine na wengine, kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa kila mtaa una nyumba ambayo mtoto wao alivuka kwenda kujaribu bahati.

Sasa weka juu yake mambo ya kawaida ya maisha. Ndege ya Dublin kwenda Manchester haimalizi saa moja angani. Mzazi anaweza kwenda Jumamosi, akatazama mechi, akarudi kulala kwake. Lugha ni ile ile. Baba mtu ameshabikia timu ya Kiingereza tangu utoto, kwa hiyo mtoto akisajiliwa huko ukoo mzima unasherehekea. Raia wa Ireland hahitaji kibali cha kazi kule. Na hela, mpwa wangu, tusijifanye hela haimo: daraja la pili la Uingereza linalipa mishahara ambayo klabu nyingi za ligi kuu za Ulaya haziiwezi. Mwenye uwezo wa kuishi vizuri karibu na kwao, ahangaike na Kireno cha nini? Wachezaji wa Ireland wanaosita kwenda mbali wamepiga hesabu, na kwa muda mrefu hesabu yao ilikuwa sahihi.

Ila sheria imebadilika chini ya miguu yao, na hapo ndipo nataka unisikilize.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache. Mojawapo ni kuhama ndani ya Umoja wa Ulaya na nchi jirani zake za eneo la uchumi: hapo anaruhusiwa tangu miaka 16. Zamani Waingereza walikuwa ndani, ndiyo maana vijana wa Ireland walikuwa wanachukuliwa wakiwa bado hawajaota ndevu. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja, mlango huo ulifungwa kuanzia Januari 2021. Leo klabu ya London haiwezi kukusajili mpaka ufikishe 18, hata wakupende vipi. Klabu ya Udine kule Italia, Alkmaar kule Uholanzi au Lisbon kule Ureno inaweza kukusajili kesho asubuhi. Wenzako wengine walishaliona hilo. Kevin Zefi alitoka Shamrock Rovers ya Dublin akaenda Inter ya Italia mwaka 2021. Mwaka uliofuata Cathal Heffernan alitoka Cork City akaenda AC Milan, na James Abankwah wa St Patrick's Athletic akasajiliwa na Udinese. Sikwambii wote wamekuwa nyota, maana sivyo. Nakwambia hilo jambo linafanyika.

Nami kusema kweli sikulia ule mlango ulipofungwa. Kwa miongo mingi Uingereza ilizoa watoto wa miaka 15 na 16 kwa wingi, ikawaweka kwenye nyumba za wenyeji, ikachagua wachache, na wengine ikawarudisha Dublin wakiwa na miaka 19 au 20, shule wameiacha, cheti hawana, na aibu imewajaa hadi hawataki kwenda dukani. Vijana wa namna hiyo nimefanya nao kazi. Mmoja alikuwa hagusi mpira kabisa, hata tukicheza wenyewe kwa wenyewe wakati wa mapumziko anakaa pembeni na simu yake. Kwa hiyo mtu akikwambia Uingereza ni salama kwa sababu ni karibu, mwulize salama kwa nani.

Najua kwenye mazoezi mnatajiana Robbie Keane, yule mshambuliaji wa Ireland, kama onyo. Ni kweli, mwaka 2000 Inter walimnunua kutoka Coventry kwa pauni milioni 13, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, na kabla ya mwaka kwisha wakampeleka Leeds kwa mkopo. Tangu hapo watu husema: unaona? Italia si ya kwetu. Lakini tazama kilichotokea. Kocha aliyemtaka, Marcello Lippi, alifukuzwa msimu ukiwa bado mbichi. Akaja Marco Tardelli na mipango yake, na kijana akabaki hana mtu wa kumsemea. Hilo lingeweza kumpata Birmingham au popote. Keane mwenyewe hakuvunjika. Alikuja kuwa mfungaji bora wa historia ya timu ya taifa kwa mabao 68, na uzeeni akasafiri tena mpaka Los Angeles akachukua ubingwa wa Marekani na Galaxy mwaka 2011, 2012 na 2014. Somo lake kwako ni dogo na la kazi: jua ni nani hasa anayekutaka pale klabuni, na ana mkataba wa muda gani yeye mwenyewe.

Mimi ningependa mngekuwa mnatajiana Liam Brady, kiungo wa Ireland. Huyu alikuwa mfalme wa Arsenal, mguu wake wa kushoto unaongea, na mwaka 1980 akaondoka kwenda Juventus. Wakati huo Italia ndiyo kwanza imefungua tena milango kwa wageni, na kila klabu ilikuwa na nafasi moja tu ya mgeni. Fikiria uzito huo: wewe ndiye mgeni pekee, ukikosea hakuna wa kugawana naye lawama. Msimu wa kwanza akawa bingwa. Msimu wa pili, majira ya kuchipua mwaka 1982, kabla ligi haijaisha, akaambiwa kwamba Michel Platini na Zbigniew Boniek wanakuja, nafasi za wageni zitakuwa mbili, na yeye hayumo.

Ikafika mechi ya mwisho, ugenini Catanzaro, kusini kabisa. Juventus na Fiorentina wako sawa kwa pointi. Mpaka kipindi cha pili hakuna bao, kisha Juventus wanapata penalti. Anayetakiwa kupiga ni yule yule waliyekwisha kumwonyesha mlango. Kama angeikosa, nani angemlaumu? Brady akaweka mpira, akapiga, akafunga. Moja bila, na ubingwa ukawa wa Juventus. Nimeitazama penalti hiyo mara nyingi na bado nanyanyuka kwenye kiti. Halafu hakukimbilia kurudi Uingereza. Alikwenda Sampdoria, kisha Inter, kisha Ascoli, akakaa Italia miaka saba, anaongea Kitaliano chake, anaheshimika hadi leo.

Na kama Brady ni wa enzi za wazee, basi Troy Parrott ni wa enzi zako. Mtoto wa katikati ya Dublin, Tottenham walimchukua akiwa mdogo, kabla ya sheria kubadilika. Kisha ikawa mkopo juu ya mkopo: Millwall, Ipswich, MK Dons, Preston. Watu wakaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha, na alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu. Akaenda Excelsior ya Rotterdam, Uholanzi, klabu ndogo isiyo na jina kubwa, na huko akapata kitu ambacho Uingereza haikumpa, dakika za kucheza kila wiki akiwa mshambuliaji wa kati. Mwaka 2024 AZ Alkmaar wakamnunua moja kwa moja. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Novemba 2025, Dublin, mabao mawili dhidi ya Ureno. Siku tatu baadaye Budapest, dhidi ya Hungaria, Ireland iko nyuma mbili kwa moja zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Anasawazisha, na dakika ya 96 anafunga la ushindi, mabao yote matatu ya kwake. Alilia mbele ya kamera, na nusu ya nchi ililia naye. Yule ni mchezaji aliyeiva Uholanzi.

Nikutajie na dada mmoja ambaye nyumbani kwao walichelewa mno kumjua. Anne O'Brien wa Inchicore, Dublin. Mwaka 1973, akiwa na miaka 17, Stade de Reims ya Ufaransa walimwona akicheza wakati wako ziarani Ireland, wakamchukua. Baadaye akahamia Lazio, akachukua mataji ya Italia, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2016. Timu ya taifa aliichezea mara chache mno, kwa kuwa nyumbani hawakuhangaika kumwita. Hapo kusita kwa wachezaji kuna sababu ya kweli kabisa: aliyekwenda mbali alikuwa anasahauliwa. Siku hizi mechi ya Alkmaar inaonekana kwenye simu, na kocha wa taifa hawezi tena kusema hakukuona.

Sasa turudi kwenye lile uliloniuliza Krismasi, tulipokuwa tunaosha vyombo. Hukuniuliza hela wala viatu. Uliniuliza, "Anko, kwenye basi la timu nitaongea na nani?" Nilikujibu ovyoovyo, ukanyamaza. Nadhani hilo ndilo jambo lenyewe, na wachezaji wengi wa Ireland wanalo moyoni hata kama wanataja kodi na mishahara. Mechi ni dakika tisini. Saa zilizobaki ni basi, chumba cha kubadilishia nguo, utani usioelewa ukichekwa na wote, chakula cha jioni peke yako.

Lakini wewe, mwanangu, hilo tayari umewahi kulipita. Ulipofika Ireland ulikuwa na Kiswahili peke yake. Mwalimu wako wa darasa la kwanza alimpigia mama yako simu kwamba mtoto haongei. Kufikia Pasaka ulikuwa unabishana uwanjani kwa Kiingereza cha Dublin ambacho mimi mwenyewe sikuwa nakifuata. Wengi wa wenzako hawajawahi kuanza lugha wakiwa hawana hata neno moja. Wewe unajua kwamba ile hali ina mwisho. Anza Kitaliano wiki hii, kabla hujaamua lolote, saa moja kila jioni.

Kuhusu mkataba, hapa nitakuwa mkali. Kanuni ile ile inayokuruhusu kuhama ukiwa na 16 inailazimisha klabu kukupa masomo pamoja na mpira, makazi yanayofaa, na mtu maalumu wa kukuangalia. Ni wajibu wao, kwa hiyo usiombe kwa unyonge. Mwulize wakala: shule gani, kwa lugha gani, na nikirudi Dublin cheti hicho kitatambuliwa? Nitakaa kwa familia au bwenini, na wako wangapi chumbani? Katika miaka ya karibuni ni vijana wangapi wa timu ya pili wamepanda timu ya kwanza, na ni akina nani, kwa majina? Akijikanyaga kwenye swali la shule, karatasi irudishe.

Na ukiamua kubaki, baki kwa ajili ya kucheza. Michael Noonan alibaki Ireland akichezea Shamrock Rovers, na Februari 2025 akawafunga Molde kwao Norway kwenye Conference League, mashindano ya klabu za Ulaya, akiwa bado na miaka 16. Mason Melia alibaki St Patrick's akicheza na watu wazima, mpaka Tottenham wakafika na ada ambayo ligi ya Ireland haikuwahi kuiona. Hao hawakusubiri, walikuwa kazini. Ninachokukataza ni ile ya kukaa timu ya vijana miaka miwili unahesabu siku za kutimiza 18, unasugua benchi kwa matumaini kwamba Mwingereza hatakusahau. Atakusahau, kwa sababu kila mwaka kuna mwingine wa miaka 18.

Mama yako nitampigia Jumapili baada ya kanisa. Nitumie karatasi zote za klabu, kurasa zote, siyo picha ya ule ukurasa wa mshahara uliyonitumia. Na Ijumaa muulize kocha wako, mkiwa wawili, kama msimu ujao anakupandisha timu ya wakubwa au hapana. Jibu lake nalihitaji kabla sijaongea na mama yako.

Mjomba wako,
Cork